Ujerumani: Joto la nyumba, hewa safi na bili inayokuja baadaye

Kila ifikapo mwezi Oktoba, mabomba ya maji ya moto katika majengo ya ghorofa nchini Ujerumani huanza tena kufanya kazi. Msimu wa kupasha nyumba joto, ambao kwa desturi huhesabiwa kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, huchukua miezi saba kamili. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili aliyetoka Bujumbura, Mombasa au Lubumbashi na kuhamia Dortmund au Leipzig, kipindi hicho huja na mambo matatu kwa pamoja: baridi asiyoizoea, madirisha yanayotiririka maji kila asubuhi, na hofu ya bili ambayo hataiona hadi mwaka unaofuata.

Idadi ya wageni wa namna hiyo haipungui. Mbali na wakimbizi na wanafunzi, makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi kati ya Ujerumani na Kenya, yaliyotiwa saini mjini Berlin mwezi Septemba 2024, yamelenga kuwafungulia njia wauguzi, mafundi na vijana wanaokuja kujifunza kazi. Wengi wao huanza maisha katika nyumba ndogo za kupanga, mara nyingi katika majengo ya zamani.

Hofu ya bili huwafanya wengi kuchukua hatua mbili: kuzima hita na kuziba kila upenyo. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni uangalifu wa mtu anayejua thamani ya fedha. Lakini hatua hizo mbili zikifanywa kwa pamoja mara nyingi huzaa kuvu ukutani, kikohozi kwa watoto na ugomvi na mwenye nyumba, huku bili yenyewe ikipungua kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza kujua joto la nyumba za Ujerumani hulipiwa vipi.

Kodi "baridi" na kodi "moto"

Mkataba wa nyumba nchini Ujerumani hutaja viwango viwili. Cha kwanza, "Kaltmiete", yaani kodi baridi, ni malipo ya nyumba pekee. Cha pili, "Warmmiete", yaani kodi ya moto, hujumuisha malipo ya awali ya kupasha joto, maji na huduma nyingine za jengo. Neno muhimu hapa ni "awali". Fedha hizo za kila mwezi ni makadirio tu. Matumizi halisi hupigwa hesabu mara moja kwa mwaka, na mpangaji hurudishiwa kilichozidi au hudaiwa kilichopungua.

Sheria humpa mwenye nyumba miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kumalizika ili awasilishe hesabu hiyo. Kwa hiyo, ikiwa mwaka wa hesabu ni mwaka wa kalenda, joto lililotumika Januari 2025 linaweza kudaiwa Desemba 2026. Mpangaji aliyefika nchini hivi karibuni anaweza kuishi karibu miaka miwili bila kujua tabia zake zinamgharimu kiasi gani.

Kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Katika majengo yenye mtambo mmoja wa pamoja, kanuni ya gharama za joto inataka kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama igawanywe kwa kufuata matumizi ya kila nyumba. Sehemu iliyobaki hugawanywa kwa kufuata ukubwa wa nyumba. Maana yake ni kwamba hata mpangaji aliyezima hita zake zote majira mazima atalipa fungu lake la asilimia 30 hadi 50 ya gharama za jengo. Kujitesa kwa baridi hakuifuti bili.

Hata hivyo, sehemu ya matumizi si ndogo. Kupasha nyumba joto huchukua takriban theluthi mbili ya nishati yote inayotumiwa na kaya za Ujerumani, mbali sana na taa, jokofu au simu zinazochajiwa usiku. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2022, pale gesi ya Urusi, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa na Ujerumani, ilipokatika na bei kupanda ghafla. Kuanzia Septemba 2022, serikali iliagiza ofisi za umma zisipashwe joto zaidi ya nyuzijoto 19.

Namba zilizoandikwa kwenye hita

Hita nyingi za ukutani zina kidhibiti joto cha kuzungusha kwa mkono, chenye namba 1 hadi 5 na alama ndogo ya theluji. Wengi hudhani namba hizo zinafanana na zile za jiko la gesi, kwamba 5 ni moto mkali na 1 ni moto mdogo. Sivyo. Kila namba ni kiwango cha joto ambacho chumba kinatakiwa kufikia: 1 ni takriban nyuzijoto 12, 2 ni 16, 3 ni 20, 4 ni 24 na 5 ni 28. Alama ya theluji huzuia mabomba yasigande, katika kiwango cha takriban nyuzijoto 6.

Kwa hiyo, mtu anayerudi kutoka kazini akitetemeka na kuzungusha kidhibiti hadi 5 hakipashi chumba joto kwa haraka zaidi kuliko angekiweka kwenye 3. Chumba kitafika nyuzijoto 20 kwa mwendo karibu uleule. Tofauti ni kwamba kwenye 5 hita haitasimama hapo. Itaendelea hadi 28, na mwenye nyumba hiyo atafungua dirisha kwa sababu ya joto alilolilipia mwenyewe. Vilevile, hita inapokuwa ya moto juu na vuguvugu chini, si lazima iwe imeharibika. Mara nyingi ni ishara kwamba chumba kimefika kiwango kilichowekwa.

Idara ya Mazingira ya Ujerumani inapendekeza takriban nyuzijoto 20 sebuleni, 18 jikoni na 17 katika chumba cha kulala. Kila nyuzijoto moja inayopunguzwa huokoa takriban asilimia 6 ya nishati ya kupasha joto. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, afya hutangulia hesabu hizo. Wakati wa kwenda kazini au shuleni, inatosha kuteremsha kidhibiti hadi karibu na 2. Kuzima kabisa kwa siku nzima huacha kuta zipoe, na ni kuta hizo baridi zinazofungua mlango wa tatizo la pili.

Maji yaliyomo hewani

Hewa hubeba maji kama mvuke usioonekana, na kiasi inachoweza kubeba hutegemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji. Hewa yenye nyuzijoto sifuri hubeba chini ya gramu 5 tu. Hewa ya sebuleni inapogusa kioo cha dirisha au kona baridi ya ukuta, hupoa, hushindwa kuubeba mzigo wake, na maji hujitokeza kama matone. Ni jambo lilelile linaloonekana kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu huko pwani.

Maji hayo hutoka kwa wakazi wenyewe. Kupumua, kuoga, kuchemsha maharage, kupika ugali, kufua na kuanika nguo ndani: kwa makadirio ya kawaida, familia ya watu wanne hutoa kati ya lita 6 na 12 za maji hewani kila siku. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, maji hayo hutoka yenyewe kupitia mianya ya paa, madirisha ya nyavu na milango inayoshinda wazi. Nyumba ya ghorofa ya Ujerumani, hasa iliyowekewa madirisha mapya yenye vioo viwili au vitatu, hubana karibu kila kitu. Kisichotolewa kwa makusudi hubaki ndani.

Kuvu haihitaji matone yanayoonekana kwa macho. Huota palipo na unyevu wa kutosha kwa siku kadhaa: nyuma ya kabati, kwenye kona za kuta za nje, chini ya godoro lililolazwa sakafuni. Huanza kama vitone vyeusi na harufu ya udongo uliolowa. Kwa wenye pumu na kwa watoto wadogo, kuishi nayo kwa muda mrefu ni hatari kwa njia ya hewa.

Kosa moja hufanyika sana: kuacha mlango wa chumba cha kulala kilicho baridi wazi ili kipate joto la sebuleni. Pamoja na joto hilo huingia mvuke, ambao hugeuka maji mara unapozigusa kuta baridi. Ni afadhali kila chumba kinachotumika kipashwe joto kidogo na hita yake chenyewe, na milango kati ya vyumba baridi na vya joto ifungwe.

Dirisha: wazi kabisa, kwa dakika chache

Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba hizi methali hiyo ina upande wa pili: ufa unazibwa, lakini dirisha hufunguliwa kwa ratiba.

Namna inayopendekezwa ni kuzima hita, kufungua dirisha wazi kabisa, na ikiwezekana kufungua jingine upande wa pili ili hewa ipite. Kukiwa na baridi kali, dakika tano hutosha. Katika vuli na mwanzo wa machipuko, dakika 10 hadi 15. Hurudiwa mara mbili hadi nne kwa siku, na kila mara baada ya kuoga au kupika. Ndani ya dakika hizo hewa yenye unyevu hutoka na hewa kavu huingia. Hewa ya nje huweza kuonekana chepesi kwa unyevu hata mvua inaponyesha, kwa kuwa ni ya baridi na ikishapata joto ndani huwa kavu.

Je, joto halipotei? Hupotea kidogo. Joto kubwa la nyumba limehifadhiwa kwenye kuta, sakafu na samani, na hizo hazipoi ndani ya dakika tano. Hewa mpya hupata joto upesi dirisha likishafungwa. Kinyume chake, dirisha lililoinamishwa kwa juu na kuachwa hivyo kutwa nzima, tabia inayoonekana katika majengo mengi, hubadilisha hewa polepole huku likipoza ukuta unaolizunguka. Hupoteza joto jingi na hukaribisha kuvu kwa wakati mmoja.

Kifaa kidogo cha kupima unyevu wa hewa, kinachouzwa kwa euro chache katika maduka ya vifaa vya ujenzi, huondoa ubishi. Unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 60, hali ni njema. Ukizidi hapo kwa saa nyingi, dirisha lifunguliwe.

Mambo madogo yasiyo na gharama kubwa

Pazia refu linalofunika hita, au kochi lililosukumwa mbele yake, hulifungia joto mahali lisipohitajika. Hita ikiwa na kipimo kidogo cha matumizi kilichobandikwa juu yake, joto lililonaswa hapo huweza hata kuongeza hesabu. Kabati na vitanda visigusane na kuta za nje. Nafasi ya sentimita 5 hadi 10 huruhusu hewa kupita. Nguo zianikwe katika chumba kimoja, mlango ukiwa umefungwa na dirisha likifunguliwa mara kwa mara, au katika chumba cha kuanikia cha jengo ikiwa kipo.

Jua likishazama, mapazia ya nje ya kukunja yateremshwe, kwani hupunguza joto linalopita kwenye vioo. Utepe wa mpira wa kubandika kwenye kingo za dirisha linalopitisha upepo, na brashi ya chini ya mlango, ni vitu vya bei ndogo ambavyo mpangaji anaweza kuviweka na kuvitoa bila kuharibu kitu. Hita inayotoa sauti ya maji yanayobubujika huwa imenasa hewa. Msimamizi wa jengo aarifiwe, au hewa hiyo itolewe kwa ufunguo wake mdogo.

Tahadhari moja inahitajika kabla ya kuziba. Ikiwa ndani ya nyumba, bafuni au jikoni, kuna mtambo wa gesi unaopasha maji, mtambo huo huenda unategemea hewa ya chumba ili gesi iungue vizuri. Matundu yaliyowekwa mlangoni au ukutani kwa ajili hiyo yasizibwe kamwe, na msimamizi aulizwe kabla ya kubana madirisha.

Mkaa haupashi nyumba joto, huua

Katika nyanda za baridi kama Njombe, Limuru au Bukavu, jiko la mkaa huingizwa ndani jioni, na familia hulizunguka. Desturi hiyo imeua watu hata huko, ambako nyumba nyingi zina mianya. Ndani ya nyumba ya Ujerumani iliyobanwa, hatari huwa kubwa zaidi.

Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huacha kubeba hewa ambayo mwili unaihitaji. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala na huenda asiamke. Kusubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu hakuondoi gesi hiyo. Vitambuzi vya moshi vilivyofungwa darini haviitambui. Kuna vitambuzi vyake maalumu. Dalili hizo zikitokea, wote watoke nje mara moja na wapige simu namba 112, isiyolipiwa. Onyo hilo linahusu pia majiko ya kuchomea nyama na majiko ya gesi ya kambini. Mishumaa iliyopangwa chini ya chungu nayo huleta hatari ya moto huku ikitoa joto dogo mno.

Hita ndogo ya umeme ni salama zaidi, lakini ni ghali. Yenye nguvu ya wati 2,000, ikiwashwa saa tano kwa siku, hutumia uniti 10, yaani uniti 300 kwa mwezi. Uniti moja ikigharimu senti 35, hiyo ni euro 105 kwa chumba kimoja, juu ya gharama za joto la jengo. Inafaa kwa dharura ya siku chache hita ya ukutani inapoharibika, na si kwa majira mazima.

Kuvu ikishaota, bili ikishafika

Mpangaji anayeona kuvu ana wajibu wa kisheria wa kumwarifu mwenye nyumba bila kukawia. Akinyamaza, anaweza kudaiwa fidia ya uharibifu ulioongezeka. Taarifa iwe ya maandishi, yenye tarehe na picha. Mara nyingi jibu la kwanza huwa kwamba mpangaji hafungui madirisha. Jibu hilo huweza kuwa kweli, lakini pia tatizo huweza kutoka kwenye jengo: ukuta usiohami joto, bomba linalovuja, paa lililopasuka. Kumbukumbu ya vipimo vya unyevu na ya nyakati za kufungua madirisha huwa na thamani kubwa wakati huo.

Sheria inaruhusu kodi ipunguzwe nyumba inapokuwa na kasoro, ikiwemo kushindwa kufikia joto la kawaida. Mahakama kwa ujumla zimekuwa zikitarajia vyumba vya kuishi vifike nyuzijoto 20 hadi 22 mchana wakati wa msimu wa baridi. Hata hivyo, mpangaji asikate kodi kwa hesabu yake mwenyewe kabla ya kupata ushauri, kwani akikosea, deni hilo linaweza kumfikisha kwenye kufukuzwa. Chama cha wapangaji, "Mieterverein", hutoa ushauri kwa wanachama wake, na kituo cha kutetea walaji, "Verbraucherzentrale", hushauri kuhusu nishati.

Hesabu ya mwaka inapofika, mpangaji ana haki ya kuona risiti zilizotumika na miezi 12 ya kuipinga. Ikiwa imefika baada ya muda wa kisheria kwa uzembe wa mwenye nyumba, nyongeza haidaiwi tena. Tangu Januari 2023, mwenye nyumba hubeba pia sehemu ya ada ya hewa ukaa, na jengo linavyopoteza joto zaidi ndivyo fungu lake linavyokua, hadi asilimia 95. Sehemu hiyo itazamwe kama imepunguzwa kwenye bili.

Na kama fedha hazipo, barua isiwekwe kabatini. Mtu mwenye kipato kidogo, hata asiyepokea msaada wowote, anaweza kuiomba Jobcenter imsaidie kulipa nyongeza ya gharama za joto, lakini ombi lipelekwe ndani ya mwezi uleule ambao deni linatakiwa kulipwa. Mwezi huo ukipita, mlango huo kwa kawaida hufungwa.

Mipaka ya uwezo wa mpangaji

Kanuni za kwanza za kuhami joto majengo zilianza kutumika katika Ujerumani Magharibi mwezi Novemba 1977. Jengo la kabla ya hapo ambalo halijakarabatiwa litapoteza joto jingi hata mpangaji awe mwangalifu namna gani. Ndiyo maana, kabla ya kutia saini mkataba, inafaa kutazama cheti cha nishati cha jengo, ambacho mwenye nyumba anapaswa kukionyesha nyumba inapokaguliwa. Madaraja yake huanzia A+ hadi H. Nyumba ya daraja la G yenye kodi baridi ya chini inaweza, hesabu ya joto ikishaongezwa, kuwa ghali kuliko nyumba ya daraja la C iliyoonekana kumzidi mtu uwezo.

Kwa aliyekwisha kuhamia, kilichobaki mkononi mwake ni kidhibiti joto kwenye 3, dirisha linalofunguliwa wazi kwa dakika tano, na daftari la vipimo. Akisoma kipimo cha hita zake mwisho wa kila mwezi na kukiandika, bili itakapofika haitakuwa tena habari mpya kwake.